Malale na Moyo wa Mchimbaji

Huku Kasongo na Kabambare malale si hadithi ya wazee. Mbung'o hukaa vichakani kando ya Luama, Lualaba na vijito vyake, pale pale watu wanapoosha mchanga wa dhahabu, wanapochota maji na kuoga. Kila mtu anajua kwamba ugonjwa huu hupanda kichwani, ukamlaza mgonjwa mchana na kumkesheza usiku. Wachache wanajua kwamba hugusa na moyo.

Kule Amerika ya Kusini yuko ndugu wa kijidudu hiki, aenezwaye na mdudu mfano wa kunguni. Aligunduliwa na daktari Carlos Chagas nchini Brazili mwaka 1909. Yule hula moyo polepole, miaka 10, 20 na zaidi, na katika watu 10 wanaokaa naye muda mrefu, 3 hivi huharibika moyo. Wa kwetu ni mpole zaidi. Msuli wa moyo huvimba kidogo, na kwa kawaida hupona mgonjwa akitibiwa. Basi mtu asisikie habari za Brazili akadhani amekwisha.

Mganga atajuaje kama moyo umeguswa? Kwa kumtazama mgonjwa tu ni vigumu, maana wengi hawasikii maumivu yo yote kifuani. Mashine inayoandika umeme wa moyo ndiyo husema: mistari huwa mifupi, mawimbi mengine hulala, na moyo huchukua muda mrefu mno kujitayarisha kwa pigo jingine. Muda huo waganga huuita QT.

Hapo ndipo penye jambo. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa Kongo mwishoni mwa mwaka 2018, humezwa siku 10 pamoja na chakula, na vimewaokoa wengi na sindano na dripu. Lakini navyo hurefusha QT. Kwinini na dawa nyingine za malaria hufanya vivyo hivyo, na kutapika sana huongeza hatari. Vikikutana vyote, moyo waweza kupiga ovyo, mtu akazimia, hata akafa.

Tena, miguu ikivimba na pumzi ikakatika mlimani, usiseme upesi ni malale. Presha, figo na upungufu wa damu hufanya hivyo pia. Malale hutafutwa kwa tone la damu ya kidole, kwa kupapasa tezi za nyuma ya shingo, kisha kijidudu chenyewe kwa darubini. Pengine na maji ya uti wa mgongo.

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza mwambie mwuguzi: umewahi kuzimia? Moyo hukudunda bila sababu? Yuko wa ukoo aliyekufa ghafla angali kijana? Na umemeza nini wiki hii, hata kile ulichonunua sokoni? Watu hupenda kuficha hicho cha mwisho.