Shamba la marehemu: hati ya kwanza haikupi ruhusa ya kuuza

Mzee akishazikwa, mara nyingi ukoo huketi na kumteua mmoja wao asimamie mali. Baada ya wiki chache, amekodisha shamba au anatafuta mnunuzi. Ukoo hauna mamlaka hayo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Safari huanzia kwa chifu, ambaye huandika barua yenye majina ya warithi. Hapo ndipo kesi nyingi huharibika, kwani mabinti walioolewa huachwa nje kana kwamba si watoto wa marehemu. Sheria haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Hati iliyopatikana kwa kuficha mrithi inaweza kufutwa na mahakama wakati wowote, hata baada ya miaka.

Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na Hakimu Mkuu. Ikizidi hapo, ni Mahakama Kuu. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30.

Kisha msimamizi hupewa hati. Wengi hudhani kazi imekwisha, lakini hati hii humruhusu kukusanya mali na kulipa madeni tu. Ardhi haiuzwi hadi hati ithibitishwe, na kwa kawaida uthibitisho huombwa baada ya miezi 6, mgao wa kila mrithi ukiwa umeonyeshwa. Kwa hivyo mnunuzi, usitoe hata shilingi ya amana kabla ya kuona cheti cha uthibitisho.

Mrithi akiwa chini ya miaka 18, wasimamizi wasipungue wawili, na fungu lake hushikiliwa kwa amana hadi atimize umri huo. Shangazi anayemlea ana haki ya kumlea; hiyo haimfanyi mwenye shamba. Asiuze kipande kwa ajili ya karo kabla ya kwenda mahakamani.

Unapoenda kwenye masjala ya mahakama, beba cheti cha kifo, barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya warithi na matokeo ya upekuzi wa ardhi.