Kuhamishia Bekapu ya Mfumo kwenye Kompyuta Nyingine

Kompyuta ya ofisi ikiungua madabodi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, usikimbilie bekapu. Anza na diski iliyomo ndani. Mara nyingi huwa nzima: itoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB, kisha nakili mafaili yote. Kama ilifungwa kwa BitLocker utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, maana chipu iliyokuwa ikiifungua imebaki kwenye madabodi iliyokufa. Ufunguo huo aghalabu upo kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta siku ya kwanza. Mtafute mapema.

Diski nayo ikiwa imekufa, ndipo bekapu inaingia kazini. Nazungumzia bekapu ya mfumo mzima, ile ambayo Windows huihifadhi kwenye folda iitwayo WindowsImageBackup. Wengi hawajui kwamba si lazima kuirejesha yote ili kupata kilichomo. Ndani yake mna mafaili makubwa ya aina ya VHDX. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, fungua Disk Management, chagua Attach VHD, weka alama kwenye Read-only, na diski yako ya zamani itatokea ikiwa na mafolda yake yote.

Kwa maoni yangu, wengi waishie hapo. Sakinisha Windows upya kwenye mashine mpya, weka programu, rudisha mafaili. Kurejesha mfumo mzima kunalipa pale tu penye programu isiyoweza kusakinishwa tena: ya uhasibu ambayo CD yake ilipotea, au ya kipimo cha maabara ambacho kampuni iliyokitengeneza ilishafungwa. Kama uko katika hali hiyo, kwanza nakili bekapu kwenye diski ya pili. Ukiwa na nakala moja tu, usiguse kitu.

Angalia pia mashine ya zamani ilikuwa ikiwaka kwa BIOS ya kale au kwa UEFI. Windows itakataa kurejesha bekapu ya BIOS kwenye kompyuta iliyowashwa kwa UEFI, na kinyume chake. Mashine mpya ikiruhusu, badilisha mpangilio huo kabla ya kuwasha kwa flashi ya Windows. Mashine nyingi za miaka ya karibuni hazina tena njia ya kale, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kununua. Diski mpya nayo isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama data ni kidogo.

Urejeshaji wenyewe hauna ugumu. Shida inakuja ukiwasha. Nembo inatokea, viduara vinazunguka kidogo, halafu skrini inageuka bluu na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, au namba 0x7B kwenye matoleo ya zamani. Mashine inajizima na kujiwasha, na yote yanajirudia. Bekapu haijaharibika. Windows inapowaka hupakia draiva za kidhibiti cha diski ilichokizoea tu, kwa hiyo kwenye madabodi ngeni inaweza kushindwa kuiona diski ambayo yenyewe imo.

Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, tafuta sehemu ya SATA. Kama imeandikwa RAID, jaribu AHCI, au kinyume chake, kulingana na ilivyokuwa mashine ya zamani. Kwenye kompyuta za Intel kuanzia kizazi cha 11, angalia VMD na uizime kama inakubali. Kisha jaribu kuwasha kwa Safe Mode. Ikigoma bado, pakua draiva ya kidhibiti kutoka tovuti ya mtengenezaji, ifungue uiweke kwenye flashi, washa kwa flashi ya Windows, fungua Command Prompt na uandike:

dism /image:D:\ /add-driver /driver:E:\draiva /recurse

Herufi hizo zihakikishe kwa amri ya dir, kwa sababu ukiwa humo diski iliyokuwa C inaweza kuitwa D. Kama bekapu ilichukuliwa kwa Macrium Reflect au Acronis, kazi hii ina zana yake: ReDeploy kwa ya kwanza, Universal Restore kwa ya pili.

Ikishawaka, weka draiva ya mtandao kwanza. Iwe tayari kwenye flashi. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta imefungamana na madabodi ya zamani, hivyo tenga fedha za leseni nyingine. Ile iliyonunuliwa dukani peke yake huhamishika. Programu ya uhasibu nayo inaweza kuona mashine ngeni na kudai kusajiliwa upya, basi wapigie wauzaji siku hiyohiyo. Diski ya zamani na bekapu usizifute mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi mzima kwenye mashine mpya na kuchapa ripoti zake zote.