Kaburi la Jaja: Marumaru au Dua?



Ndugu zangu, jaja yetu tulimzika hapa Namatala. Wiki haijaisha, mjomba akaleta rai: kaburi lijengwe kwa marumaru na sura yake ichongwe juu. "Alitulea kwa kuuza mboga," alisema. "Asisahaulike." Nilinyamaza, maana hoja yake ilitoka kwenye mapenzi. Nikarudi chuoni kusoma.

Hamu hii ni ya kale. Huko Ugiriki, takriban miaka 550 kabla ya Nabii Issa (a.s.), msichana Phrasikleia alifariki kabla ya kuolewa. Aristion wa Paros akamchongea sanamu ya marumaru: ana taji kichwani na ua mkononi. Maandishi chini yake yanasema ataitwa msichana daima. Sanamu hiyo ilifukuliwa mwaka 1972, na leo iko katika makumbusho ya Athens. Wageni wanalisoma jina lake. Ni nani anayemwombea? Baadaye Wagiriki wenyewe walichoka na mashindano ya makaburi, na mtawala wa Athens, Demetrius wa Phaleron, akayapiga marufuku makaburi ya fahari.

Waislamu wa pwani yetu nao waliijua marumaru. Katika karne ya 14, mawe ya makaburi yaliyochongwa Khambhat, India, yalifika hadi Kilwa. Lakini yalichongwa maandishi, si sura za watu.

Sheria yasemaje? Jabir (r.a.) amepokea, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Ila katika Sunan Abi Dawud tunasoma kwamba aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alitambue. Kwa hiyo alama inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni fahari.

Jumamosi nilimwambia: "Mjomba, mapenzi yako ni haki ya jaja. Lakini amali za maiti hukatika isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Hakuna marumaru hapo."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Tangi la maji la madrasa bei gani?"

Kaburi la jaja lina jiwe moja tu. Tangi limeshawekwa, na watoto wanatawadha.

Ndugu msomaji, wewe umemwachia nini bibi yako? Allah awarehemu mama zetu wote. Amin.