Kwa Nini Ngoma Hupoteza Kishindo Inaponaswa Nyumbani

Mkazi wa Kisiba, wilayani Rungwe, asikiapo ing'oma ikipigwa uwanjani kwa jirani, huitambua kwa kifua kabla ya kuitambua kwa sikio. Mlio huohuo ukinaswa kwa simu ya mkononi ndani ya chumba cha matofali, mara nyingi hutoka kama debe linalogongwa kwa kijiti. Kijana aliyeunasa hulaumu simu, akaanza kuulizia bei ya maikrofoni mjini Tukuyu. Lawama hiyo si ya haki. Katika safari ya mlio kutoka kwenye ngozi hadi kwenye kumbukumbu ya simu, chombo ndicho mshitakiwa wa mwisho. Mbele yake wako ngozi yenyewe, kuta za chumba, na mahali maikrofoni ilipowekwa. Jambo hili lina uzito kuliko starehe ya kusikiliza muziki. Wapigaji wanaozijua namna za zamani za kupiga ni wazee, na mlio ulionaswa vibaya leo huenda usipate mtu wa kuurudia kesho.

Yafaa kuanza na ngozi. Ngozi iliyowambwa juu ya mzinga hutetema mara nyingi kwa sekunde, na idadi ya mitetemo hiyo, yaani marudio, hupimwa kwa hezi. Kadiri mkazo wa ngozi unavyozidi, ndivyo marudio yanavyopanda, lakini si kwa kiasi kilekile: marudio hufuata kipeuo cha pili cha mkazo. Mkazo ukishuka kutoka 100 hadi 81, marudio hushuka kutoka 100 hadi 90. Tukuyu na maeneo yanayoizunguka hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ngozi ya ng'ombe hunywa unyevu wa hewa. Ngozi yenye unyevu hulegea na tena huwa nzito. Mambo yote mawili huuvuta mlio chini na kuufifisha. Ndiyo maana wapigaji huota ngoma zao kwenye moto wa majani makavu kabla ya kuanza. Anayenasa sauti aliyesahau moto huo hawezi kuurudisha baadaye kwa mtambo wowote. Tena afanye kazi yake mapema, kwa kuwa ngozi ikipoa huanza kulegea upya, na wimbo wa mwisho hautalingana na wa kwanza.

Mahali pa kupiga nako kuna maana. Uzi wa zeze hutoa mlio wa msingi pamoja na milio mingine ambayo marudio yake ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ule wa msingi. Ngozi ya duara haifuati mpango huo mzuri: kwa ngozi kamilifu isiyosumbuliwa na hewa, milio inayofuata ni mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30 ya ule wa msingi. Pigo la katikati huamsha baadhi tu ya milio hiyo na kutoa kishindo kizito. Pigo la ukingoni huamsha mingi na kutoa ukali. Mpigaji hodari huvichanganya hivi viwili kwa makusudi, na kazi ya anayenasa ni kuvipata vyote.

Sasa kuhusu chumba, ambako ndiko hasara kubwa hutokea. Ichukuliwe ngoma ambayo mlio wake wa msingi ni hezi 100. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa wimbi la mlio huo ni 340 ÷ 100, yaani mita 3.4. Wimbi likigonga ukuta wa matofali hurudi nyuma, likakutana na lile linalokuja. Kwenye umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani, yaani sentimita 85, mgandamizo wa wimbi moja hukutana na mpanuko wa jingine, na mawili hayo karibu huuana. Maikrofoni iliyowekwa hapo hukosa sehemu kubwa ya mlio wa msingi, ikabaki na ile milio mikali ya juu. Hilo ndilo debe lililotajwa mwanzoni. Ikisogezwa hatua moja tu, kishindo hurudi, bila gharama hata ya senti.

Wengi hujaribu kuponya chumba kwa kutundika mablanketi. Blanketi hupunguza kweli mwangwi wa sauti kali, lakini unene wake wa sentimita moja au mbili ni kitu kidogo mno mbele ya wimbi la mita 3.4. Sauti nzito hulipita kana kwamba halipo. Matokeo yake ni chumba kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini, na mlio uliofubaa.

Dawa bora zaidi iko nje ya mlango. Ngoma haikuundwa kwa ajili ya chumba. Katikati ya shamba la migomba hakuna kuta za kurudisha mawimbi, udongo laini humeza sehemu ya sauti, na hakuna bati la paa lililolegea la kutetemeka pamoja na kila pigo. Adui wa huko ni upepo, ambao huvumisha majani na kuipuliza maikrofoni. Basi asubuhi yenye utulivu ndiyo ichaguliwe, na simu ivishwe soksi nyembamba.

Umbali nao una kanuni yake. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili, kiwango cha sauti hushuka kwa desibeli 6. Simu iliyowekwa karibu mno na ngozi huzidiwa: vilele vya mawimbi hukatwa, na mlio hutoka umepasuka. Mpasuko huo hautibiki. Ni heri kunasa kwa sauti ndogo na kuiongeza baadaye. Simu nyingi pia hujirekebisha zenyewe, zikishusha sauti kwenye pigo na kuipandisha kwenye kimya, hata jogoo wa jirani akawa sawa na ngoma. Mtindo huo uzimwe kila inapowezekana.

Mwenye simu mbili asidhani kuwa amepata faida maradufu. Moja ikiwa mbali na ngoma kwa mita 1.7 kuliko nyenzake, mlio huifikia ikiwa imechelewa kwa sehemu 5 za elfu za sekunde, ambazo ni nusu ya mtetemo wa hezi 100. Sauti hizo mbili zikichanganywa, kishindo hupungua badala ya kuongezeka. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi za nchini zilinasa nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga kwa pamoja, na uwiano mzuri ulitegemea sana nani amesimama wapi mbele ya maikrofoni. Ngoma tatu za Kisiba zaweza kupangwa vivyo hivyo: ile kubwa isogezwe nyuma, ndogo ziletwe mbele, na maikrofoni moja iachwe ifanye kazi.

Jaribio: Wanafunzi wawili wachukue ngoma na simu moja hadi darasani. Mmoja apige katikati ya ngozi kwa nguvu zilezile. Mwingine aanze na simu ukutani, aisogeze sentimita 20 kila mara hadi ukuta wa pili, akinasa mapigo matano kila kituo. Kisha wachore grafu ya ukubwa wa kishindo dhidi ya umbali. Mahali pa kwanza kishindo kinapodidimia pakipimwa na kuzidishwa kwa 4, hupatikana urefu wa wimbi. Mwendo wa sauti ukigawanywa kwa urefu huo, hupatikana marudio ya ngoma. Ngoma iotwe motoni, jaribio lirudiwe, na namba mbili zilinganishwe.