SOMO KWA WANANCHI: MKOPO WA ELIMU YA JUU NA SHARTI LA KUFAULU

Wananchi wa Kichiwa na watumishi wa umma wenye watoto vyuoni wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mwanafunzi akishapangiwa mkopo katika mwaka wa kwanza, fedha hizo ni zake hadi siku ya mahafali. Sivyo ilivyo. Mkopo hutolewa kwa hatua, na kila hatua ina sharti lake.

1. Asili ya mkopo
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Bodi yao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Fedha zinazotolewa kwa ada, chakula, malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo ni za umma, na hurejeshwa ili wengine nao wakopeshwe. Kwa sababu hiyo, anayekopeshwa hudaiwa kuonyesha kwamba anasonga mbele.

2. Sharti lenyewe
Mwanafunzi anayeendelea na masomo hupewa mkopo wa mwaka unaofuata iwapo amefaulu mitihani inayomruhusu kuingia mwaka huo. Bodi haisahihishi mitihani. Hutegemea matokeo yanayoletwa na chuo. Anayeagizwa kurudia mwaka kwa kushindwa mitihani hajavuka hatua, na kwa kawaida hana msingi wa kudai fedha za mwaka anaourudia. Wanaopata ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliong'ara katika masomo ya sayansi, hudaiwa kiwango cha juu zaidi ya kufaulu kwa kawaida.

3. Hesabu ya wastani
Vyuo vikuu vyetu hupima wastani wa alama, ambao wanafunzi huuita GPA, kwa ngazi ya 5.0. Shahada hutolewa kwa aliyefikia 2.0 au zaidi. Katika vyuo vingi A huhesabiwa 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na D ni 1. Kila somo lina uzito wake, na alama huzidishwa kwa uzito huo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana masomo matatu. La kwanza lina uzito wa 12, akapata C: 24. La pili lina uzito wa 8, akapata B: 24. La tatu lina uzito wa 12, akapata D: 12. Jumla ni 60. Ikigawanywa kwa 32 hupatikana 1.875. Amefaulu masomo mawili kati ya matatu, lakini hajafika 2.0. Kama B ingekuwa katika somo la uzito wa 12 na D katika lile la 8, jumla ingekuwa 68, na wastani 2.125. Basi mwanafunzi ajue mapema ni somo lipi zito, asilipe muda sawa na jepesi.

4. Anayekwama afanye nini
Aliyeshindwa somo hupewa mtihani wa marudio kwa utaratibu wa chuo; asiuache upite. Aliyeugua au kufiwa asiondoke chuoni kimya kimya. Aombe kwa maandishi ruhusa ya kuahirisha masomo, aambatishe vielelezo, atunze nakala ya barua ya kukubaliwa, na akirejea amwone afisa mikopo wa chuo. Aliyeahirisha kwa ruhusa ana pa kuanzia akirudi; aliyetoroka huhesabiwa ameacha masomo.

5. Deni halifutwi kwa kufeli
Hili ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi aliyeachishwa masomo, au aliyedisko kama wasemavyo vijana, hurudi nyumbani bila shahada, lakini deni la fedha alizokwishapokea hubaki. Sheria humtaka aanze kulipa baada ya muda uliowekwa tangu kumaliza au kuacha masomo, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mzazi aliyetia saini ya udhamini katika fomu naye akumbuke alichokisaini.

6. Wajibu wa mzazi
Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, na mzazi asitegemee kuandikiwa barua ya matokeo kama ilivyokuwa shuleni. Mzazi aulize kila muhula, bila ukali utakaomfanya kijana afiche. Kijana anayeogopa kusema mwezi wa Machi ndiye anayepiga simu mwezi wa Oktoba kuomba ada yote, na mzazi hulazimika kuuza viazi kwa bei ya hasara au kukata miti ya mbao ambayo haijakomaa. Habari ikifika mapema, upo muda wa kurekebisha.

Maswali ya kujipima
(a) Je, mwanao amekwisha kukuonyesha matokeo ya muhula uliopita?
(b) Analijua somo lenye uzito mkubwa kuliko mengine?
(c) Akiugua leo, anajua barua ampelekee nani?

Asiye na jibu la mojawapo na aulize leo, kabla mitihani haijaanza.