Supu ya Mama na Baiskeli ya Samaki



Mimi ni mchuuzi wa samaki, miaka 31, mzaliwa wa Mlingotini, Bagamoyo, sasa nimepanga Tegeta. Kila alfajiri nashuka Kunduchi na baiskeli yangu, nachukua samaki, nazungusha Salasala hadi Goba. Lazima niivuke barabara ya Bagamoyo penye mataa, na hapo pana kijiwe cha bodaboda.

Mwezi uliopita nilikuwa napita kando ya barabara, natokea upande ule wa kituo, si unajua kuzunguka ni mbali. Daladala ikachomoka kuwahi abiria, ikanikuta uso kwa uso. Nikarukia njia ya waenda kwa miguu, nikaigonga meza ya mama mmoja muuza supu. Sufuria ikaenda chini. Nilikuwa na hasira na ile daladala, nikatukana, nikaokota samaki wangu, nikaondoka.

Kesho yake vijana wa kijiwe wakanizomea. Mmoja akaniwekea pikipiki mbele, tukatoleana maneno, akanizaba kibao. Tangu siku hiyo wananizibia. Siku hizi nikifika pale sisimami, taa iwe nyekundu iwe kijani napita, ili wasinipate. Jumanne nusura lori la kokoto linipitie.

Mke wangu anasema niuze baiskeli. Shemeji yangu anasema tukusanye vijana twende tukawatie adabu. Shangazi, barabara si ya wote? Kosa langu ni lipi?

Mchuuzi, Tegeta

*

 Pole kwa kibao na pole kwa Jumanne. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye hilo lori la kokoto moyo unanienda mbio, kwa hiyo nianze na lori. Vijana wanaweza kusubiri mpaka kesho. Lori halisubiri.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwenye maeneo ya makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Wewe na samaki wako nyuma, ukijitahidi sana, unakwenda mita 4. Sasa piga hesabu: dereva ameona kijani, amekanyaga mafuta, wewe unatokea kwenye nyekundu. Kabla hajakutambua kuwa ni mtu ameshazimaliza mita 14, halafu ndipo mguu uguse breki, na nyuma amebeba kokoto. Hapo hata dereva mwema hana la kufanya. Taa nyekundu ni yako pia. Akisimama trafiki katikati akaongoza kwa mkono, mfuate yeye hata kama taa inasema vingine. Asipokuwepo, fuata taa. Kijiwe kikuzomee, kikucheke, wewe simama.

Na hata ukisimama, angalia unasimama wapi. Nimewaona wengi pale Mwenge wakijipenyeza ubavuni mwa lori, upande wa kushoto, kwa sababu pana upenyo. Upenyo huo ndio unaoua. Kwetu dereva anakaa kulia, na ubavu wa kushoto wa gari ndio ulio mbali naye kuliko kote, kwa hiyo anautazama kwa kioo tu. Lori refu linapokata kona kwenda kushoto, tairi za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele. Zinaingia ndani, zinailamba kona, na aliye pale hubanwa kati ya tairi na ukingo. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni. Baki nyuma ya lori, au tangulia mbele kabisa kabla ya mstari, mahali ambapo anakuona kwa macho yake mwenyewe.

Kukata kulia kwenye barabara kama ile, usihangaike kujichomeka katikati ya magari na mzigo wako. Nenda moja kwa moja na kijani mpaka kona ya ng'ambo, simama, igeuze baiskeli, subiri kijani ya upande wa pili, kisha endelea. Copenhagen, mji unaosifiwa kwa baiskeli kuliko karibu miji yote duniani, waendesha baiskeli hugeuka kwa hatua mbili hivyo hivyo, na kwao ni sheria. Utapoteza dakika moja, na kolekole wako hataharibika kwa dakika moja. Ukiona makutano yamevurugika, shuka, ukokote baiskeli kwenye zebra. Ukishashuka unahesabiwa mwenda kwa miguu, na dereva anatakiwa akupishe. Ukiivuka zebra juu ya baiskeli, unamtokea ghafla mtu aliyekuwa anatazamia hatua za miguu.

Sasa irudie barua yako pale ulipoandika "kuzunguka ni mbali". Mwanangu, ulikuwa rongi saidi. Hukuliandika neno lenyewe, lakini ndilo hilo. Dereva wa daladala anayeingia kituoni anaangalia abiria na anaangalia nyuma anakotoka mwenzake wa kumwahi. Baiskeli inayomjia usoni kutoka kule kusikotoka magari haimo akilini mwake. Kuchomoka kwake vile ni kosa, sitamtetea. Ukiyakumbuka maandishi ya ubavuni na namba za gari, trafiki yupo na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ipo, kalalamike. Ila sheria yetu ya usalama barabarani, ile ya mwaka 1973, Sura ya 168, haimsahau mwendesha baiskeli. Kushoto ni kushoto kwa semitrela na ni kushoto kwako. Umeuliza kama barabara ni ya wote. Ni ya wote, na ndiyo sababu wote tuna upande mmoja wa kwendea.

Kuna jambo hukuniuliza, nami silali nisipokwambia. Mimi nimezaliwa Dunda, hapo hapo Bagamoyo kwenu, na marehemu baba alinipakia kwenye bomba la Phoenix yake tangu sijaanza shule. Kaka yangu mkubwa akairithi baiskeli ile, akawa anabeba makuti kutoka Kaole kuyaleta mjini. Jioni moja, kiza kimeanza kuingia, gari dogo likamgonga kwa nyuma. Dereva alikuwa kijana wa watu, alilia kuliko sisi, akaapa kwamba hakuona kitu, aliona makuti tu. Tulimwita mwongo. Kesho yake tulipokwenda kuichukua baiskeli, nikainua makuti yaliyosalia kwenye keria. Riflekta nyekundu ilikuwa pale pale kwenye madigadi, nzima, haina hata ufa, imefunikwa na mzigo. Yule kijana alisema kweli. Kaka yu hai, alhamdulillahi, lakini anachechemea mpaka leo.

Kwa hiyo leo jioni simama hatua ishirini nyuma ya baiskeli yako ikiwa na tenga juu yake, mkeo amulike kwa tochi ya simu. Kama hakuna kinachong'aa, nunua riflekta uifunge kwenye tenga lenyewe, siyo kwenye madigadi. Unatoka alfajiri, kwa hiyo taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma si mapambo. Halafu tazama rimu. Nyinyi wa samaki mna balaa lenu: barafu inayeyuka, maji yenye utelezi yanadondokea tairi la nyuma, na mpira wa breki ukikutana na rimu yenye mafuta ya samaki unateleza kama sabuni. Unabana breki pale kwenye taa, baiskeli inaendelea na safari yake. Tandika nailoni nzito ndani ya tenga uikunje ukingoni kwa juu, au tumia ndoo yenye mfuniko, na kila ukimaliza kuuza futa rimu kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mwambie fundi akubadilishie mipira ya breki kabla haijaisha. Kengele unayo? Barua haikusema. Kama huna, unapita vipi kando ya kituo cha daladala chenye watoto wa shule?

Tuje kijiweni. Kukupiga ni kosa, na sitaki udhani nalipunguza. Akikupiga tena nenda polisi, na ukiumia chukua fomu ya polisi ya PF3 kabla ya kwenda hospitali. Ushauri wa shemeji yako utupe. Mkienda kundi mtarudi na kesi, na utalazimika kupita pale kila siku ya Mungu ukigeuza shingo kuangalia nani anakufuata, badala ya kuangalia magari.

Lakini kuna kitu kimenishangaza. Siku ya ajali hukuwa na ugomvi na kijiwe, unasema walianza kukuzomea kesho yake. Hujajiuliza kwa nini? Mwanangu, ile supu wanakunywa nani? Saa 12 asubuhi penye mataa, anayemuungisha mama wa supu ni nani kama si hao waliokesha na pikipiki? Yule ni mama yao. Anawakopesha mpaka jioni, anawatunzia helmeti, anajua nani mgonjwa na nani amepata mtoto. Umemwaga sufuria nzima, mtaji wa siku na pengine wa kesho, ukatukana hewani, ukaokota samaki wako ukaondoka. Hukumuuliza hata kama ameungua. Hayo umeyaandika mwenyewe katika mistari mitatu, na neno pole halimo.

Sisemi kwamba walifanya vizuri kukuzibia njia. Wangekuja kukuambia. Ila ugomvi wenu hauhusu baiskeli wala pikipiki. Na hao vijana si maadui wa baiskeli kwa asili. Jina lenyewe la kazi yao limezaliwa juu ya baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walipokuwa wakipakizwa kwenye keria kuvushwa kutoka kituo cha mpaka huu hadi cha mpaka ule. Hata kwetu, ukienda Shinyanga, utakuta watu waliopakiza abiria kwa baiskeli miaka mingi.  Na vijana wa kijiwe nao wanagongwa kama wewe. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu wapatao milioni 1.19 waliokufa barabarani kwa mwaka mmoja, 2021, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Nyinyi nyote wa pembeni mko kwenye hesabu moja.

Fanya hivi. Usiende asubuhi, wakati wa kugombea abiria. Nenda saa 8 mchana, kijiwe kikiwa kimepoa, na uende na baiskeli, wasione umejificha. Ukitaka kusindikizwa, mwombe mjumbe wako au mzee mmoja anayefahamika pale, siyo shemeji. Mwamkie mama kwanza, kabla hujamtazama kijana yeyote. Mwambie, mama, mimi ndiye niliyemwaga supu, nimekuja kuuliza ilikuwa ya shilingi ngapi. Atataja, au atakataa kutaja. Akikataa, acha pesa na samaki wawili wazuri. Usiitaje daladala. Usiseme "lakini". Kisha mtafute mwenyekiti wa kijiwe, vijiwe vingi vinaye, umwambie kuhusu kibao mbele ya mwenye kibao chake. Hapo una haki ya kusema umeumia, na ninaamini watakusikiliza, kwa sababu utakuwa umeshamlipa mama. Wakigoma kabisa, ofisi ya serikali ya mtaa ipo, na kusuluhisha mambo kama haya ni kazi yake.

Mkipatana, kuna la kuzungumza zaidi. Barabara ile ilipopanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta, zile kilomita 12.9 zilizokamilika mwaka 2014, pembeni iliachwa nafasi ya waenda kwa miguu na baiskeli. Leo nafasi hiyo, sehemu nyingine, ina meza za supu na pikipiki zilizoegeshwa, na ndiyo sababu mojawapo mtu kama wewe anajikuta barabarani na magari. Usiende kuwafukuzia. Waombe upenyo wa upana wa tenga, pikipiki zisogezwe kidogo. Kijiwe kikiamua, kinasogea siku hiyo hiyo bila barua wala mkutano. Na ukitaka sauti kubwa kuliko yako, ipo UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukidai njia za baiskeli katika jiji hili. Watafute, wanahitaji wachuuzi kama wewe, wasije wakaonekana wanasemea wanaoendesha kwa mazoezi peke yao.

Mkeo mwambie baiskeli haiuzwi. Ana haki ya kuogopa, na hofu yake haitaondoka kwa maneno. Itaondoka akiona taa imefungwa, riflekta iko kwenye tenga, na unatoka robo saa mapema ili usiwe na sababu ya kusema kuzunguka ni mbali.

Halafu siku ya pili baada ya kulipa, ukitoka Kunduchi, simama kwenye nyekundu kama watu wengine, vuka na kijani, egesha baiskeli pale kwa mama, uagize supu na chapati, ukae kwenye benchi lao. Niandikie uniambie nani alikusogelea kwanza.

Shangazi yako