Somo la Afya: Ualbino na Jua la Nyanda za Juu

Mbeya na Iringa, baridi humdanganya mtu. Mkulima wa viazi wa Uyole au mchuma chai wa Mufindi huvaa sweta mwezi Juni akidhani jua limelala. Kumbe mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, haitegemei joto. Huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mawingu mepesi nayo huipitisha sehemu kubwa. Kwa mtu mwenye ualbino, hili ni jambo la uhai.

Ualbino ni hitilafu ya kurithi katika utendaji wa kemikali za mwili. Mwaka 1908 daktari Archibald Garrod, akihadhiri London, aliutaja pamoja na hitilafu nyingine adimu za aina hiyo. Seli za rangi zipo, ila hazimudu kuigeuza tairosini, kijenzi kimojawapo cha protini, kuwa melanini ya kutosha. Mtoto hupata hali hii anaporithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe huweza kuwa weusi kabisa. Wanapokibeba wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo, hata kama aliyetangulia amezaliwa na ualbino. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa jambo walilochangia sawasawa.

Dawa ya kuirudisha melanini haipo. Kazi ya kila siku ni kinga, nayo huanzia mgongoni mwa mama. Kitenge hufunika mwili wa mtoto lakini huacha kichwa, masikio na shingo wazi saa zote za palizi. Baadaye shati la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana kuzunguka pande zote ni lazima. Kapelo haitoshi, kwani masikio na kisogo hubaki juani, na huko ndiko saratani hupenda kuanzia, pamoja na midomo. Losheni ya kukinga jua hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Ile iitwayo Kilisun hutengenezwa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Losheni haimpi mtu ruhusa ya kulima mchana kutwa: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kivuli ndicho kinga bora.

Shuleni, mwanafunzi mwenye ualbino ana uoni hafifu ambao miwani huusaidia kwa sehemu tu. Hukaa dawati la mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na huruhusiwa kusogea ubaoni. Kanuni ya sare inayokataza kofia haimfai, wala paredi ndefu juani.

Ngozi ikaguliwe na mtaalamu walau kila miezi sita. Mabaka makavu yenye kukwaruza yakionekana mapema, huondolewa kwa kugandishwa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Kidonda kilichopita mwezi bila kupona kipelekwe zahanati wiki hiyo hiyo kwa ajili ya rufaa, hata kama ni msimu wa mavuno.